Somo la 7: Faraja na Kipande cha Fedha

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 2:11-13, 42:7-17, Rut 1:19-22, 2:1-17, 4:13-17, 1 Fal. 19:1-9, 2 Fal. 4:1-7, Yak. 2:14-17, Gal. 6:2-5.

Fungu la Kukariri: Ayubu 42:11. Lisome katika Biblia yako na ulikariri kabla ya Sabato.

Wasomaji wengi wa kitabu cha Ayubu huipita sura ya mwisho kwa haraka. Hukumbuka kwamba Bwana alimrudishia Ayubu mali yake maradufu, kisha hufunga kitabu. Lakini kati ya maombi ya Ayubu kwa ajili ya rafiki zake (fungu la 10) na kondoo wake 14,000 (fungu la 12) kuna fungu moja ambalo halizungumzwi sana. Linaeleza jinsi ndugu zake, dada zake na wote waliomfahamu zamani walivyokuja nyumbani kwake. Walifanya mambo matatu. Walikula chakula pamoja naye. Walimlilia na kumfariji. Kisha kila mmoja wao akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu.

Machozi na fedha vimewekwa katika fungu moja. Watu wale wale waliomlilia ndio waliompa mtaji wa kuanzia, na walifanya yote mawili baada ya kula pamoja.

Mara nyingi kanisa hutenganisha mambo haya. Baada ya mafuriko, vita, njaa au ugonjwa wa mlipuko, baadhi ya watu hufika na maombi bila unga. Wengine hufika na unga, wakaugawa, wakapiga picha na kuondoka bila kumwuliza mtu hata mmoja habari zake. Wa kwanza humwacha mwenye njaa na maneno mazuri. Wa pili humwacha aliyeshiba akiwa peke yake na kumbukumbu zake usiku.

Juma hili somo linaangalia jinsi Mungu anavyowaponya watu waliovunjika kwa kutumia majirani zao, na jinsi uponyaji wa moyo unavyokwenda pamoja na kurudi kazini. Pamoja na Maandiko, somo litatazama yaliyofanyika Rwanda baada ya mwaka 1994, nchi ambayo majirani wenyewe ndio waliokuwa wameumizana.

JUMAPILI

Siku Saba za Kimya

Soma Ayubu 2:11-13. Marafiki watatu walifanya nini kabla ya kusema neno lolote?

Elifazi, Bildadi na Sofari husemwa vibaya katika mahubiri mengi, na si bila sababu. Hata hivyo mwanzo wao ulikuwa mwema. Walisikia habari, wakapatana, wakaacha shughuli zao, wakasafiri kila mmoja kutoka mahali pake. Walipomwona rafiki yao kwa mbali hawakumtambua. Walilia kwa sauti, wakararua mavazi yao, wakajirushia mavumbi kichwani. Kisha wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila mtu kusema neno. Mwandishi anatoa sababu ya kimya chao: waliona kwamba maumivu yake yalikuwa makubwa mno.

Kwa watu wa Afrika Mashariki desturi hii haihitaji maelezo marefu. Panapotokea msiba watu hukaa matanga. Jamvi hutandikwa, majirani hulala kwa wafiwa, wanawake hupika katika masufuria ya kuazima, wanaume huota moto nje hadi usiku. Anayefika husema "Poleni" na kuketi. Hakuna anayedai hotuba kutoka kwake, kwa kuwa kufika kwake kumekwisha kusema.

Lakini matanga hutegemea jambo moja: kwamba mtaa mzima unamzunguka mfiwa mmoja. Vita na maafa makubwa huvunja utaratibu huo. Kila nyumba inakuwa na msiba wake, na hakuna aliyebaki wa kupika wala wa kumkalia mwenzake. Ndiyo sababu, baada ya maafa, mambo ambayo jamii ilikuwa ikiyafanya yenyewe hulazimika kupangwa upya kwa makusudi: nani ataketi na nani, wapi, siku gani, na kwa muda gani.

Sasa soma Ayubu 3:1-3. 4:1-8 na 42:7. Marafiki hao walikosea wapi?

Matatizo yalianza Ayubu alipofungua kinywa. Maneno yake yalikuwa makali. Aliilaani siku aliyozaliwa. Marafiki wakaona wana wajibu wa kumtetea Mungu, na tangu hapo wakaacha kumsikiliza rafiki yao. Inashangaza kwamba mwishoni Bwana alimkasirikia Elifazi na wenzake wawili, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mungu hakuhitaji mawakili watatu. Ayubu alihitaji wasikilizaji watatu.

Kauli kama "Mungu ana makusudi yake," "Kuna waliopoteza zaidi yako" au "Usilie, jikaze" husemwa kwa nia njema. Lakini mara nyingi humsaidia anayezisema aepuke kilio cha mwenzake.

Je, ni neno gani uliloambiwa wakati wa msiba ambalo lilikuumiza ingawa msemaji alikusudia mema? Je, ni nani aliyekaa nawe tu?

JUMATATU

Jina Jipya la Naomi

Soma Rut 1:19-22. Naomi aliwajibuje wanawake wa Bethlehemu, na wao walimjibuje?

Naomi alikuwa amepitia njaa, uhamiaji na vifo vya mume na wana wawili. Aliporudi, mji mzima ulitaharuki, na wanawake wakaulizana kama ni yeye. Hakuficha uchungu wake. Alikataa jina lake lenye maana ya kupendeza na kujiita jina lenye maana ya uchungu. Alisema aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu, ilhali Ruthu alikuwa amesimama kando yake. Huzuni nzito hufanya hivyo: humfanya mtu asimwone hata aliye karibu naye.

Maandiko hayaonyeshi kwamba wanawake wa Bethlehemu walimkemea, walimsahihisha mafundisho yake au walimwambia amshukuru Mungu kwa ajili ya Ruthu. Walimwacha aseme. Na hawakutoweka. Katika Rut 4:14-17 wanawake wa mji wapo tena, wakimbariki Bwana, wakimsifu Ruthu mbele ya Naomi na kumpa mtoto jina. Kati ya sura ya 1 na ya 4 kulikuwa na majira ya mavuno, kuokota masazo, ushauri na subira. Jina la uchungu halikuondolewa kwa siku moja.

Watu wengi hupata jina la maumivu yao kutoka katika mwili. Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, neno ihahamuka lilianza kutumika sana. Linahusiana na mapafu na kukosa pumzi: mtu hushikwa ghafla na hofu kama vile yaliyopita yanatendeka tena, na pumzi humwishia. Aliyepatwa na hali hiyo hana pepo, wala hajapungukiwa na imani. Ni mtu ambaye mwili wake bado haujajua kwamba hatari imepita.

Soma 1 Wafalme 19:1-9. Mungu alimhudumiaje Eliya kabla ya kuzungumza naye juu ya kazi?

Eliya aliomba kufa. Malaika hakuja na hotuba. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Akamgusa mara ya pili, akamlisha tena, akakiri kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Swali la Bwana, la kumtaka aeleze anafanya nini pale, lilikuja baadaye, Horebu, Eliya alipokuwa amekwisha kulala, kula na kutembea. Tena mbinguni palikubali kusikia jibu lake, ingawa halikuwa sahihi lote. Alidhani amebaki peke yake.

Utaratibu huu unafaa kuzingatiwa na kila kanisa: kwanza usalama, usingizi na chakula, kisha kusikilizwa, kisha kazi mpya. Na mtu anayesema wazi kwamba anataka kufa, kama Eliya, asiachwe peke yake. Akaliwe karibu, na apelekwe hospitali. Kufanya hivyo ni kumfanyia aliyofanya malaika.

Je, kanisa lenu lina mahali ambapo mtu anaweza kusema kwamba ana uchungu, bila kuonekana amerudi nyuma kiroho?

JUMANNE

Niponye, Nikuponye

Soma Wagalatia 6:2-5. Paulo anawezaje kusema wachukuliane mizigo, kisha akasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe?

Katika siku zipatazo 100, kati ya Aprili na Julai 1994, zaidi ya watu 800,000 waliuawa nchini Rwanda, wengi wao wakiwa Watutsi. Wauaji wengi walikuwa watu wa kijiji kile kile, waliojua majina ya watoto wa jirani. Makanisa hayakuwa kimbilio. Jumamosi, Aprili 16, 1994, watu waliokuwa wamekimbilia katika eneo la kanisa na hospitali ya Waadventista huko Mugonero, magharibi mwa nchi, walishambuliwa na kuuawa. Ilikuwa siku ya Sabato. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mchungaji aliyekuwa kiongozi wa Waadventista katika eneo hilo. Kanisa linalotaka kuponya wengine halina budi kuusema ukweli huu bila kuuzunguka, kwa sababu waathirika wanaujua.

Baada ya hapo watu walilazimika kuishi pamoja: mjane, mtoto wa muuaji, mfungwa aliyeachiliwa, mkimbizi aliyerudi. Walichota maji kisima kimoja. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, ziliwasaidia watu kujua nani alitenda nini. Lakini hukumu haiwafanyi majirani waweze kukaa benchi moja.

Mwaka 2005, huko Byumba, kaskazini mwa Rwanda, katika dayosisi ya Kianglikana, ulianza utaratibu wa uponyaji wa kijamii ambao Wanyarwanda waliuita Mvura Nkuvure, maana yake "Niponye, nikuponye." Watu 10 hadi 15 wa mtaa mmoja hukutana mara moja kwa juma, kwa muda wa saa tatu hivi, kwa majuma 15. Wanaoongoza ni wawili, nao ni wenyeji wa hapo hapo waliofundishwa. Si wataalamu kutoka mbali. Katika duara moja wanaweza kukaa aliyenusurika na mke wa aliyefungwa.

Kundi hupitia hatua sita: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na mwisho kumbukumbu za hisia. Angalia mpangilio huo. Kumbukumbu zimewekwa mwisho. Hakuna anayelazimishwa siku ya kwanza kueleza alichokiona. Majuma ya mwanzo kundi hujiwekea kanuni zake lenyewe: kutunza siri, kutokatizana, kufika kwa wakati. Mtu akigundua kwamba alichosema juma lililopita hakikuvuma sokoni, ndipo anapoanza kusema jambo zito zaidi.

Jina la utaratibu huo linafafanua maneno ya Paulo. Hakuna daktari upande mmoja na mgonjwa upande wa pili. Kila mmoja ana mzigo wake, ambao hakuna anayeweza kumwondolea. Hakuna anayeweza kuomboleza kwa niaba ya mwingine. Hata hivyo kila mmoja anaweza kushika upande mmoja wa mzigo wa mwenzake. Aliyesikilizwa leo anamsikiliza mwingine juma lijalo, na katika kusikiliza hugundua kwamba bado ana kitu cha kutoa.

Msamaha haukuwekwa kuwa sharti la kuingia katika duara. Kwa wengine ulikuja, kwa wengine umechelewa. Anayemharakisha aliyeumizwa asamehe ili mkutano uishe vizuri anafanya kosa la Elifazi kwa namna nyingine.

Kwa nini siri ni jambo la uzima na mauti katika huduma hii? Darasa lako linaweza kuaminiwa kwa siri ya namna gani?

JUMATANO

Mafuta na Vyombo vya Majirani

Soma 2 Wafalme 4:1-7. Elisha alifanya nini, na ni mambo gani aliyoacha yafanywe na mjane na majirani zake?

Mjane huyu alikuwa na mizigo miwili kwa pamoja. Mume wake, mtu mcha Mungu, alikuwa amekufa. Na mwenye kumdai alikuwa njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Kumwambia avumilie kungekuwa ukatili. Kumpa fedha na kuondoka kungelipa deni bila kumwachia njia ya kuishi kesho.

Elisha alimwuliza mambo mawili: anataka afanyiwe nini, na ana kitu gani nyumbani. Maswali haya yanamheshimu. La kwanza linamwacha aseme haja yake mwenyewe. La pili linamkumbusha kwamba hata aliyefilisika hajaishiwa kabisa. Mjane alijibu kwanza kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ya mafuta.

Baada ya hapo alitumwa kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini kiasi cha mafuta kilipimwa kwa vyombo vya mtaa. Majirani hawakuwa matajiri. Walichotoa kilikuwa vyombo visivyo na kitu. Na alipokuwa akimimina, mlango ulifungwa. Hakuna umati uliokuja kutazama umaskini wake ukiondolewa. Mwishoni aliambiwa auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Alirudi mjini akiwa mfanyabiashara, si ombaomba.

Jambo hili, la kuanza na swali na kumalizia na kazi ya mikono, limeonekana pia mbali na Rwanda. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe iliendesha bomoabomoa kubwa mijini. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa aliyetumwa kuchunguza, Anna Tibaijuka wa Tanzania, alikadiria kwamba watu 700,000 hivi walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare, Harare. Wataalamu walikuwa wachache mno, hivyo aliwafundisha bibi 14 wa mtaa huo. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawakutumia maneno ya kitabibu. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo kila mtu alilielewa.

Bibi humsikiliza mgeni wake, kisha humsaidia achague tatizo moja tu la kuanza nalo. Mara nyingi tatizo hilo ni la riziki: kodi ya chumba, ada ya mtoto, kazi iliyopotea. Baada ya vikao vya benchi, mgeni hualikwa katika kundi la wenzake waliopitia hapo, liitwalo Circle Kubatana Tose, yaani kushikana mikono wote. Humo wanawake huzungumza huku mikono yao ikifuma mifuko kwa plastiki iliyotumika, nao huiuza. Matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mama anayefuma huku akieleza habari zake hahitaji kumtazama mtu usoni. Akimaliza kusimulia, ana mfuko mkononi.

Je, wahitaji wa mtaa wako wana "chupa ya mafuta" gani? Ni "vyombo vitupu" vipi ambavyo washiriki wanaweza kuazima bila gharama kubwa?

ALHAMISI

Kila Mmoja Kidogo

Soma Ayubu 42:10-17. Kwa nini zawadi za ndugu zake zinatajwa kabla ya mali kuongezeka?

Ndugu na marafiki wa zamani walikuja wakiwa wamechelewa. Ayubu alikuwa amelalamika kwamba jamaa zake wamejitenga naye (Ayubu 19:13-14). Sasa wamerudi, naye amewafungulia mlango. Inawezekana kwamba kula nao kulikuwa kugumu kwake kuliko kupokea fedha zao. Kabla ya hapo alikuwa amewaombea wale marafiki watatu waliomwumiza kwa maneno. Uponyaji wake ulihusu pia kurudishwa kwa jamii iliyomwacha.

Hakuna mtu mmoja aliyemfadhili Ayubu. Kila mmoja alileta kipande kimoja na pete moja. Zawadi kubwa ya mtu mmoja ingemfanya Ayubu awe mtu wake. Zawadi ndogo za wengi zilimfanya awe mtu wa wote. Kisha fungu la 12 linasema Bwana alibariki. Maandiko hayaoni aibu kuweka michango ya ndugu na baraka ya Mungu karibu namna hiyo.

Kanuni hii inajulikana kwa wana vikundi. Mwaka 1991, nchini Niger, shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na mfumo huo umeenea nchi nyingi za Afrika. Wanachama huchangia hisa ndogo kila juma. Sanduku huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, ili lisifunguliwe ila mbele ya kikundi. Tanzania watu wamezoea VICOBA na upatu, Kenya chama, Rwanda ibimina. Haishangazi kwamba makundi mengi ya Mvura Nkuvure, majuma 15 yalipokwisha, hayakutawanyika. Watu waliokuwa wamefika mahali pa kuaminiana kwa siri zao waliweza sasa kuaminiana kwa fedha. Wakaweka akiba, wakalima au wakafuga pamoja.

Mpangilio huo una maana. Kikundi cha mikopo kikianzishwa mahali ambapo watu hawaaminiani, sanduku huwa chanzo cha ugomvi mpya. Na duara la mazungumzo lisilogusa kamwe suala la chakula huishia kupungua watu, kwa kuwa mwenye njaa huenda kutafuta kibarua.

Linganisha Rut 2:1-17 na Yakobo 2:14-17. Boazi alilindaje heshima ya Ruthu?

Sheria iliwataka wenye mashamba waache masazo kwa maskini na wageni (Law. 19:9-10). Boazi alizidi hapo. Aliagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi na wasimkaripie, ili Ruthu aokote kama mfanyakazi. Pia alimpa usalama shambani, maji, na nafasi ya kula pamoja na wavunaji. Jioni alirudi kwa mkwewe na takribani efa moja ya shayiri aliyoipura kwa mikono yake.

Hata hivyo riziki iliyorudi haifuti makaburi. Wanyama wa Ayubu waliongezwa mara mbili, lakini alipewa wana saba na binti watatu, idadi ile ile ya mwanzo. Wale wa kwanza hawakubadilishwa na wengine kama ng'ombe. Anayetumaini ufufuo anajua kwamba bado wanahesabiwa. Kwa hiyo mjane aliyepata biashara mpya bado ana haki ya kulia mwezi wa Aprili.

Je, ni hatari gani huja pale msaada wa chakula au mtaji unapotumiwa kuwavuta watu wabatizwe? Msaada utolewe vipi ili upokelewe bila aibu?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen G. White alieleza jinsi Kristo alivyowafikia watu. Alichangamana nao kama mtu anayewatakia mema, akawaonea huruma, akawahudumia katika mahitaji yao, na akapata imani yao. Wito wa kumfuata ulikuja baada ya hayo. Katika kitabu hicho hicho alisisitiza pia kwamba maskini wasaidiwe kujitegemea, wafundishwe kazi na kupewa nafasi ya kuifanya, badala ya kuzoezwa kupokea tu.

Mambo ya juma hili yanaweza kukusanywa katika maneno machache. Ayubu alihitaji watu wa kukaa naye chini. Naomi alihitaji kuruhusiwa kusema uchungu wake. Eliya alihitaji usingizi na mkate. Mjane alihitaji kuulizwa alicho nacho. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeponywa kwa maneno matupu, na hakuna aliyeponywa kwa chakula peke yake. Na katika kila kisa Mungu alitumia waliokuwa karibu: ndugu, wanawake wa mji, mvunaji wa shamba la jirani, mwenye chombo kitupu. Hata malaika alimgusa Eliya kwa mkono.

Darasa la Shule ya Sabato tayari lina mengi ya yale yanayohitajika. Lina watu 10 hadi 15 wanaojuana. Hukutana kila juma mahali pamoja, saa ile ile. Lina kiongozi anayeishi mtaani na kadi ya mahudhurio inayoonyesha nani hakuonekana. Kinachobaki ni kuamua kama mahudhurio ni ya kuhesabiwa tu, au ni ya kumfuata asiyeonekana na kujua kwa nini nyumba yake imekuwa kimya.

Maswali ya Kujadili:

1. Someni pamoja Ayubu 42:11. Kati ya mambo matatu waliyofanya ndugu za Ayubu, ni lipi ambalo kanisa lenu hulifanya vizuri, na ni lipi ambalo huachwa? Kwa nini?

2. Mtu aliyeshiriki kuwaumiza majirani zake amemaliza kifungo na anataka kurudi kanisani. Wapo washiriki aliowafilia ndugu zao. Kanisa litaanzia wapi? Nani anastahili kusikilizwa kwanza?

3. Katika Mvura Nkuvure, kumbukumbu chungu huwekwa mwisho, baada ya usalama na kuaminiana. Hilo linafundisha nini kuhusu desturi ya kumtaka mwathirika asimame na kutoa ushuhuda mbele ya kanisa?

4. Mshiriki mmoja anasema, "Kazi ya kanisa ni injili; mikopo na ufumaji ni kazi ya mashirika." Mungejibuje kwa kutumia 2 Wafalme 4:1-7 na Yakobo 2:14-17? Je, ndani ya hoja yake kuna tahadhari inayofaa kusikilizwa?

5. Kabla ya Sabato ijayo, darasa litaje nyumba moja katika mtaa iliyopatwa na maafa mwaka huu. Nani ataenda kukaa, nani ataenda kuuliza "Una nini nyumbani?", na kila mmoja ataleta kidogo gani?